Kubadilisha oveni ya kabatini mwenyewe: tundu, waya na hewa

Oveni ya kuingiza kabatini hutengenezwa kiwandani kwa vipimo visivyobadilika sana, iwe imetoka Uturuki, Italia au China. Kabati lake, kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, limetengenezwa na seremala wa Keko au wa mtaa wa pili, kwa futi na penseli iliyochomekwa sikioni. Ugumu wa kazi hii uko hapo katikati. Kufungua skrubu na kuvuta sanduku la chuma hakumshindi mtu anayejua kushika drili. Kinachowatoa watu jasho ni tundu lisilolingana, waya usiotosha na kabati lisilopumua.

Mwongozo huu ni wa oveni ya umeme inayoingia mahali palipokuwa na oveni nyingine ya umeme. Ya gesi nayo nitaigusa, kwa sababu majiko yetu mengi yana vyote viwili.

Kwanza, hakikisha imekufa kweli

Oveni zenye saa ya namba zinazowaka zina tabia moja inayowachanganya wengi. Umeme ukikatika na kurudi, saa inaanza kumeta, na oveni haipati moto hata ukizungusha vitufe vyote. Haijaharibika. Inasubiri uweke saa, au ubonyeze kitufe chenye alama ya mkono ili itoke kwenye mpango wa kujiwasha yenyewe. Zipo oveni zilizouzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu.

Kama saa iko sawa na bado haishiki moto, mara nyingi ni koili iliyokatika au themostati. Kama inapata moto lakini keki inaiva upande mmoja, angalia raba ya mlango kabla ya kulaumu kitu kingine. Vyote hivyo hubadilishwa. Kununua mpya kuna maana pale bodi ya ndani imekula kutu, jambo la kawaida kwa nyumba za Mbezi Beach au Masaki zinazopigwa na upepo wa chumvi, au pale vipuri vya aina hiyo havipatikani tena.

Pima tundu, usipime oveni ya zamani

Watu wengi hupima uso wa oveni wanayoitoa, wakaenda dukani na kipimo hicho. Uso haukuambii lolote, maana unafunika kingo za kabati. Oveni ya kawaida ina uso wa takriban sm 59.5 kwa sm 59.5, lakini mwili wake unaoingia ndani ni mwembamba zaidi. Ndiyo maana vitabu vyake huomba tundu lenye upana wa sm 56, kimo cha sm 59 hadi 60, na kina kisichopungua sm 55. Hiyo 56 si ya kubahatisha: chukua kabati la sm 60, toa mbao mbili za milimita 18, unabaki na sm 56.4.

Sasa seremala wako huenda alitumia ubao wa milimita 20, au alianza na kabati la sm 58 kwa sababu ukuta ulimbana. Kwa hiyo itoe oveni ya zamani kwanza (namna ya kuitoa salama iko chini), kisha pima hivi:

Upana pima sehemu tatu: juu, katikati na chini. Kaa na namba ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo kweli yako. Kimo pima kushoto na kulia. Kisha pima kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, kabati limepinda, na oveni mpya itakaa na mwanya unaoonekana upande mmoja. Kina pima mpaka kwenye kitu cha kwanza kitakachogusa mgongo wa oveni. Mara nyingi kitu hicho si ukuta bali soketi iliyopachikwa ukutani nyuma yake, na soketi yenye plagi ndani inakula sm 5 au zaidi. Oveni ikigoma kuingia sm 5 za mwisho, usiisukume kwa goti. Soketi hiyo inatakiwa ihamie kwenye kabati la jirani, ambako pia utaifikia siku ukitaka kuzima haraka.

Tundu likiwa dogo kwa nusu sentimita, seremala anaweza kulipanua kwa randa. Likiwa kubwa, unabandika vipande vya ubao pembeni. Uso wa oveni unafunika takriban sm 1.7 kila upande, basi mwanya mdogo hautaonekana, ila skrubu lazima zipate ubao wa kuuma. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupe kitabu cha ile modeli au karatasi yenye mchoro wa tundu. Ukisikia "Usiwaze bosi, itaingia tu," toa futi yako.

Umeme: gawanya kwa 230

Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibati cha oveni, mara nyingi kwenye fremu ukifungua mlango, ugawanye kwa 230. Oveni ya wati 2,200 inavuta karibu ampia 10. Ya wati 3,000 inavuta 13. Ya wati 3,600 inakaribia 16.

Plagi yetu ya pini tatu za bapa mwisho wake ni ampia 13, na hiyo ni plagi halisi. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina pini nyepesi na fyuzi isiyoaminika, na oveni si pasi: inavuta mzigo huo saa nzima au mbili mfululizo. Dalili unaijua, plagi inabadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu ya plastiki. Kwa oveni inayozidi wati 2,500 mimi sipendi plagi kabisa. Iunganishwe moja kwa moja kwenye swichi yake ya ukutani, ile kubwa ambayo mafundi huiita kuka yuniti, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi.

Angalia basi una nini ukutani. Waya wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) wenye breka ya ampia 16 au 20 unaotoka moja kwa moja hadi jikoni unatosha kwa oveni moja ya kawaida. Waya wa 4 au wa 6 ni bora zaidi. Waya wa 1.5 ni wa taa, acha. Na kama oveni ya zamani ilichomekwa kwenye soketi ambayo pia inabeba friji na maikrowevu, hapo hakuna cha kujaribu. Unahitaji njia mpya kutoka kwenye meni swichi. Breka nayo isizidi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha oveni. Breka ya 32 iliyobaki kutoka kwenye jiko la zamani haiilindi oveni inayotaka 16.

Kuvuta njia mpya, kubadilisha breka, kugusa chochote ndani ya meni swichi: hiyo si kazi yako, wala si ya fundi maiko, yule wa kubahatisha. Tafuta fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, umwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Mwongozo huu unaanzia kwenye swichi ya jiko kuja kwenye oveni, basi. Mwambie pia apime ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) na aangalie kama una breka inayokata umeme ukivuja. Nyumba za zamani za Ilala na Kinondoni unaweza kukuta ethi rodi imeshaliwa ardhini, waya wa kijani upo lakini hauendi popote.

Na volti zenyewe? Jioni mtaa mzima ukiwasha viyoyozi, umeme unaweza kushuka. Moto wa koili unashuka kwa kasi kuliko volti: zikifika 200, joto linapungua kwa takriban robo. Kwa anayeoka keki za kuuza, hiyo ndiyo sababu keki ya saa tisa mchana na ya saa moja usiku hazifanani. Oveni ya wati 2,000 itakusumbua zaidi ya ile ya 2,800 katika nyumba kama hiyo.

Kununua

Kwa mazingira yetu mimi ningechukua oveni yenye vitufe vya kuzungusha kuliko ya kugusa kioo. Umeme ukirudi inaendelea ilipoishia, na kitufe kikifa fundi yeyote anakibadilisha. Ya kioo inapendeza, lakini bodi yake ikipigwa na umeme uliorudi kwa kishindo, bei ya bodi ni karibu nusu ya oveni.

Mitumba ina mambo yake. Iliyotoka Dubai au Uingereza itafanya kazi bila maneno. Iliyotoka Japani huwa imetengenezwa kwa volti 100 au 200, na ya Marekani ina mfumo wao wa volti 120 na 240 kwa mizunguko 60. Hata akikwambia kuna transfoma, achana nayo. Kwenye mtumba wowote fungua mlango ushike bawaba: mlango ukishuka wenyewe na kugonga, bawaba zimechoka. Geuza nyuma uangalie matundu ya kupumulia. Ukiona punje ndogo nyeusi kama kahawa iliyosagwa, mende wamehamia kwenye pamba ya joto, na utawaleta nyumbani kwako.

Kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya D1, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu mapema. Oveni ya wati 2,500 ikiwa inapata moto mfululizo inakula uniti mbili na nusu kwa saa. Kuoka kila siku kutakutoa kwenye tarifu hiyo.

Siku ya kazi

Andaa testa, bisibisi ya nyota na ya bapa, plaiasi, drili na biti ya milimita 2, pima maji, futi, tochi, na godoro kuukuu au blanketi nene. Andaa na mtu wa pili mwenye mgongo mzima. Oveni ina kilo 30 hadi 40, na haina pa kushika vizuri.

Zima swichi ya jiko, halafu zima breka yake kwenye meni swichi, na uwaambie wote waliomo ndani wasiiguse. Mita ya LUKU iache kama ilivyo. Sasa jaribu testa yako kwanza kwenye soketi inayowaka uone kama taa yake inawaka. Testa mbovu husema "hakuna umeme" mahali popote. Ndipo ukajaribu kwenye oveni.

Fungua mlango mpaka mwisho. Kwenye kila bawaba kuna kijiti cha kugeuza; kigeuze juu, funga mlango nusu, uunyanyue, utatoka. Ulaze juu ya blanketi, kioo kikiangalia juu, mbali na njia ya watoto. Toa na matrei. Sasa oveni imepungua uzito, na kwenye fremu pembeni utaona skrubu mbili au nne. Zifungue.

Vuta kwa kushika kingo za ndani, nusu tu, mwenzako akiwa ameweka stuli imara au meza fupi mbele. Nyuma utakuta kisanduku cha viunganisho. Kabla ya kulegeza chochote piga picha kwa simu, karibu kiasi cha kusoma herufi. Jaribu testa tena hapo hapo kwenye vichwa vya waya. Hakuna kitu? Legeza, toa waya, toa oveni yote. Hapo ndipo uchukue vile vipimo vya tundu. Anayeifanya kazi hii vizuri huitoa oveni siku moja, akapima, na kununua baadaye. Kama ni hivyo, breka ibaki imezimwa na vichwa vya waya vifungwe kwa kiunganishi chenye kifuniko, wala usitegemee selotepu.

Kabati lipumue

Usikimbilie kuingiza mpya. Tundu lililokaa miaka bila kufunguliwa lina mafuta, vumbi, na wageni wa miguu sita. Safisha, piga dawa, acha likauke. Bonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba. Kama ni MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iliyonywea maji ya kudekia au unyevu wa ukuta, itakuwa imevimba kama mkate na skrubu hazitashika. Badilisha kwa plaiwudi nene na uweke mihimili miwili ya mbao chini yake. Weka pima maji, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia. Oveni iliyoinama hutoa keki iliyoinama.

Halafu hewa. Oveni nyingi za sasa zina feni ndogo ya kupooza umeme wake, inavuta hewa ya kabatini na kuitoa mbele juu ya mlango. Kabati lililofungwa pande zote, nyuma kukiwa na ubao, linaipa feni hewa ile ile ya moto tena na tena. Jikoni kwenye joto la Februari, kabla mvua hazijaanza, hiyo inaua bodi ndani ya muda mfupi. Toa ubao wa nyuma kabisa, au ukate nafasi ya sm 5 hivi nyuma ya ubao wa chini na wa juu, na uache upenyo pale chini kwenye kibao cha miguuni. Seremala atalalamika kwamba unaharibu kabati. Mwache alalamike.

Juu ya oveni kama kuna jiko la gesi la kaunta, chungulia mpira wake unapita wapi. Ukipita nyuma ya oveni ukagusa mgongo wake, siku moja utalainika na kupasuka. Uhamishe upite pembeni, ndani ya kabati la jirani. Mtungi nao usikae kwenye kabati lililofungwa kabisa: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini na kusubiri cheche. Ukishagusa kiungo chochote cha gesi, paka povu la sabuni, ufungue mtungi, uangalie mapovu. Kama oveni unayoifunga ndiyo ya gesi, mwachie fundi wa gesi kazi ya kuunganisha. Na kama unahama kutoka mtungi kwenda gesi asilia ya bomba, pua za kutolea gesi lazima zibadilishwe, kwa sababu shinikizo lake ni jingine.

Kuunganisha waya

Oveni mpya nyingine huja na waya wake, nyingine huja bila. Kama huna, nunua waya laini wa nyuzi tatu wa 2.5 unaostahimili joto, wenye ganda la mpira, uache urefu wa kutosha kuvuta oveni nje mpaka kwenye stuli bila kukaza.

Rangi za sasa: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Ukutani kwa nyumba ya zamani unaweza kukuta nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Usiamini rangi peke yake. Fundi aliyepita huenda aliishiwa waya mweusi akatumia aliokuwa nao. Hilo nalo fundi mwenye leseni alithibitishe akija kupima ethi.

Kwenye kisanduku cha oveni utaona L, N na alama ya ethi. Oveni za Ulaya mara nyingi zina L1, L2 na L3 pamoja na vipande vya shaba vya kuziunganisha. Kwa umeme wa fezi moja fuata mchoro uliobandikwa juu ya kisanduku, unaoonyesha vipande hivyo vikae wapi. Menya waya sm 1, sokota nyuzi zake ziwe kitu kimoja, na uache wa ethi mrefu kidogo kuliko wenzake; waya ukivutwa kwa bahati mbaya, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kaza, kisha vuta kila mmoja kwa mkono. Funga kibano kinachoshika ganda la nje, ambacho wengi hukiruka. Waya uliokazwa vibaya hutengeneza joto pale pale kwenye skrubu.

Kuingiza na kuwasha

Nyanyueni wawili, mikono chini ya mwili, si kwenye mpini wa mlango. Isukume taratibu huku mmoja akimulika tochi pembeni, waya ulale chini bila kubanwa wala kulalia mgongo wa oveni. Ikikaa, sawazisha mianya ya kushoto na kulia, toboa kwa biti ya milimita 2 kupitia matundu ya fremu, ndipo ufunge skrubu. Ukizikaza bila kutoboa, MDF itapasuka. Rudisha mlango, geuza vijiti vya bawaba mahali pake.

Washa breka, washa swichi, weka saa. Toa plastiki na makaratasi yote ya ndani, fungua madirisha, na uiache ichome kavu kwenye nyuzi 250 kwa karibu saa nzima. Itatoa harufu na moshi kidogo. Ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Shika plagi au ukuta kuzunguka swichi baada ya dakika 20. Uvuguvugu unavumilika, joto la kutoa mkono ni ishara ya kuzima na kukagua.

Inawezekana breka ya kuvuja umeme ikajikata mara tu unapowasha. Oveni iliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye unyevu wa pwani hunyonya maji ndani ya koili, na maji hayo huvujisha umeme kwenda kwenye ethi. Fundi mwenye kipimo chake atajua kama ni unyevu wa kukausha au koili mbovu ya kurudisha dukani. Akija mtu na dawa ya kukata waya wa ethi ili breka itulie, mlipe nauli yake aondoke. Breka itatulia kweli, na mwili wa oveni utakuwa na umeme unaosubiri mkono uliolowa.

Kabla ya keki ya kwanza ya mteja, weka kipimajoto cha oveni katikati ya trei. Kitufe kikisema 180 na kipimajoto kikasema 165, andika kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa kabati. Oveni ya zamani kata waya wake kabla ya kumpa mnunuzi wa chuma chakavu, ila trei na nyavu jaribu kwanza kwenye mpya. Nyingi zinaingiliana.